Alama Nyekundu ya Tarehe Kumi na Mbili

Bweni la wasichana, Kerege
Jumapili, 13 Julai 2025

Shangazi Kuruthumu,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Nina habari niliyoibana kifuani tangu Ijumaa: KIONJA CHETU CHA MAJI KIMECHAGULIWA! Katika miradi yote ya shule za ukanda huu wamechukua mitatu, na wetu umo. Tarehe 14 Agosti tunakwenda Dar es Salaam kukionyesha mbele ya majaji. Mwalimu Abdulrazak alipotangaza mstarini, mwenzetu Mikdad aliruka mpaka kiatu kikamtoka.

Najua wewe ulikuwa ukikiita "hicho kidude chenu", na ulitucheka tulipovunja betri mbovu za redio yako kutoa vile vijiti vyeusi vya ndani. Basi hicho kidude ndicho kinachotupeleka Dar. Hotuba nimeshaihifadhi: vijiti viwili vinatumbukizwa majini, maji ya chumvi hupitisha umeme mwingi kuliko maji matamu, na taa inasema. Kijani, kunywa. Njano, jihadhari. Nyekundu, kaa mbali.

Kilichowavutia zaidi ni kisima cha Mzee Mwinyimvua. Tangu kilipochimbwa upya na kuongezwa kina mwezi wa nne, hakuna aliyejua kama maji yake yanafaa. Sisi tumekipima siku saba za likizo, mara tatu kila siku, na mara zote ishirini na moja taa imewaka kijani. Mwalimu anasema majaji wanapenda matokeo safi namna hiyo.

Nina ombi moja. Wewe ulihamishia kitalu chako cha nyanya pale kisimani kwa kutuamini sisi. Naomba miche mitano mizuri tuiweke mezani, majaji waione kwa macho yao. Mpe Rehani wa bodaboda siku anayoleta mchicha wako jikoni kwetu. Na barua zako mpe yeye yeye, maana simu hapa ukikutwa nayo unarudishwa nyumbani.

Sote tuna furaha isipokuwa Ashatu, yule mwenzetu wa Mapinga aliyelala kwako likizo nzima. Amenuna. Atazoea.

Wako,
Adila binti Pazi

*

Kaole
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mwanangu Adila,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba kwa siku utakayosahau kunisalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, jirani yangu Arafa asikie. Sasa mtaa mzima unajua. Baba yako naye anatembea kifua mbele kana kwamba vijiti alivitoa yeye.

Na mimi nina yangu. Kamati ya maji imekaa Jumatatu. Kuna waliotaka pampu iwekwe kisima cha juu, kule kwenye shule ya hapa kijijini, na kuna waliotaka kwa Mwinyimvua kwa sababu ni karibu na watu. Walivutana mpaka adhuhuri. Pampu tumepewa moja na simtanki moja, ikishasimikwa haing'oki. Nikasimama nikawaambia: kisima cha Mwinyimvua kimepimwa na binti wa kaka yangu mara ishirini na moja. Wakapiga kura, tukashinda. Mafundi wanakuja kumwaga zege tarehe 7 Agosti.

Miche ipo, inajitahidi. Usinisumbue na mambo ya miche, wewe soma. Na huyo Ashatu msimbembeleze sana, lakini msimuache peke yake. Alinisaidia vizuri alipokuwa hapa, tena anasikiliza kuliko wewe.

Shangazi yako,
Kuruthumu

*

Kerege
Jumatatu, 21 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mezani kwetu tutaandika kwa herufi kubwa kwamba kijiji kimechagua kisima kwa kutumia kionja. Mwalimu amesema hilo peke yake linaweza kutupa nafasi ya kwanza. Umetufanyia jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Ashatu ameacha kununa, sasa anagomba. Jana mbele ya Mikdad alisema daftari letu lina uongo. Nakueleza wewe kwa sababu utasikia vibaya ukiambiwa na mwingine. Tarehe 12 Juni, sisi tulipokuwa pwani kuchokoa pweza, yeye alibaki nyumbani kwa sababu mguu wake ulikatwa na chaza. Alasiri akaenda kisimani peke yake kwa kuchechemea, akapima, taa ikawaka nyekundu. Aliandika. Jioni nilipoona nilijua hakufuta vijiti, maana siku moja kabla tulikuwa tumevitumbukiza kwenye maji ya bahari kwa majaribio. Nikaukata ule mstari. Mimi ndiye kiongozi wa timu, kuna mtu lazima aamue. Alama moja nyekundu kwa ishirini na moja za kijani, wewe ungeamini ipi?

Lakini nakuuliza kwa usalama tu: hujaona kitu chochote kwenye miche?

Na mbona mchicha haukuja wiki hii? Tumekula maharage siku nne mfululizo.

Adila

*

Kaole
Ijumaa, 25 Julai 2025

Adila,

Marahaba. Mchicha umepumzika, na Rehani mgongo unamsumbua, hawezi kubeba mizigo. Barua hii kaichukua kwa sababu ana abiria wa Kerege.

Usikae unasikiliza maneno. Ukishaanza jambo, limalize. Miche mitano ya mezani nitaona kama kuna njia ya kuifikisha bila kuvunjika. Isipofika, msiingoje.

Hapa mambo mengi. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Kuruthumu

*

Kerege
Jumapili, 27 Julai 2025

Shangazi Kuruthumu,

Shikamoo. Mimi ni Ashatu. Sijawahi kukuandikia, na Adila hajui kama nakuandikia leo. Barua hii nimempa mama yake Mikdad aliyekuja kumtembelea mwanawe. Nimemwambia ni salamu za kukushukuru kwa kunifunga mguu. Shukrani zipo, ila si hizo tu.

Adila anasema sikufuta vijiti. Shangazi, nilivifuta kwa kanga yako mwenyewe, nikavisuuza kwa maji ya mvua ya mtungini, nikapima yale ya mtungini kwanza. Kijani. Nikapima ya kisima. Nyekundu. Nilirudia mara tatu. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, na ninyi nyote mlikuwa uani mnapiga pweza na kuchemsha. Nilipomwambia Adila, alikuwa anacheka na wenzake, akakata mstari bila kukaa chini.

Nilinyamaza kwa sababu mimi nimekulia kando ya barabara kuu, sijui bahari. Lakini wewe ulinifundisha maneno mawili: bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana, na maji mafu, inapotulia. Juzi nimechukua kalenda ya ukutani kwa matroni, ile yenye miandamo ya mwezi, nikaiweka kando ya daftari. Siku zetu saba zote za kijani ni maji mafu. Hata moja haikuangukia bamvua. Na siku za bamvua hatukupima kwa sababu kila mtu Kaole, pamoja na sisi, anashinda pwani au anashughulika na pweza. Siku moja tu ya bamvua kuna mtu aliyepima, na mtu huyo alikuwa mimi, kwa ajili ya mguu.

Nadhani bahari ikijaa sana inasukuma chumvi mpaka kule chini kilikoongezwa kina. Nadhani tu. Bamvua nyingine ipo hivi leo ninapoandika. Nakuomba uyaonje maji alasiri uniambie. Nikosee mimi, nitamwomba radhi Adila mbele ya darasa zima. Lakini kama sikukosea, tarehe 7 ni karibu mno.

Adila hamsikilizi mtu ila wewe.

Ashatu

*

Kaole
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mwanangu Ashatu,

Marahaba. Mguu nafurahi umepona.

Umeniuliza kama maji yana chumvi. Yana. Sikungoja barua yako kuyaonja. Niliyaonja tarehe 11 Julai, nilipoona majani ya nyanya yameungua pembeni. Kwanza nilidhani nimezidisha samadi. Nikachota kwa kiganja, nikaonja, nikameza upesi na kutazama nyuma kama mwizi. Siku tatu baadaye nilikaa kwenye kikao cha kamati nikakisifu kisima kwa mdomo wangu huo huo. Mchicha ulikufa wiki iliyofuata. Kitalu nimekizungushia makuti, watu wasione. Rehani hana mgongo mbovu, hana mzigo wa kubeba.

Sasa usinihukumu kabla hujasikia. Kabla ya kwenda kwenye kile kikao, asubuhi, nilikuta barua ya Adila mlangoni, Rehani kaisukuma chini ya mlango. Kaandika habari ya kuchaguliwa kwa herufi kubwa. Mama yake alifariki Adila ana miaka sita, mimi ndiye nimemlea. Miaka yote hii mtoto anacheka kwa kiasi, kama anayeogopa kumaliza kicheko. Ile barua ilikuwa inacheka yenyewe. Ningeingiaje mle kikaoni nikasema kazi yake ni bure?

Nimepanga hivi. Nitanyamaza mpaka tarehe 14 ipite. Akisharudi na ushindi wake nitaiambia kamati kwamba maji yamebadilika, jambo ambalo si uongo. Zege itakuwa imemwagwa, najua. Watu watanilaumu, nitabeba. Mimi mtu mzima, nimelaumiwa kwa mengi.

Nakuomba kama mama: mfichie. Umeona mbali kuliko sisi wote na Mungu atakulipa, lakini hili niachie. Barua hii ukishaisoma ichome.

Kuruthumu

*

Kerege
Jumanne, 5 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Ashatu hakuichoma. Alikuja nayo nilipokuwa nafua, akaiweka kando ya ndoo, akaondoka. Niliisoma nimesimama, mapovu mikononi.

Nimekasirika, na nitakuandikia kwa hasira hii hii kwa sababu nikingoja ipoe nitaanza kukubembeleza. Nilikuuliza! Tarehe 21 nilikuuliza waziwazi kama umeona kitu kwenye miche. Ungeandika neno moja. Uliniambia nisisikilize maneno, na kweli sikusikiliza. Nimemwita Ashatu mwongo mbele ya Mikdad kwa siku kumi zaidi kwa sababu yako.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimeshaikata alama yake kabla wewe hujaonja chochote. Nilikata kwa rula, mstari umenyooka vizuri. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka ukurasa uwe safi. Sikuwa na sababu nyingine, hiyo ya kufuta vijiti niliitafuta baadaye. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa msafi.

Nimekwenda kwa Mwalimu Abdulrazak na daftari, kalenda na barua yako. Aliyasoma yote mpaka mwisho. Kisha akasema mradi wenye matokeo yaliyofichwa hauendi popote, na ataamua kesho kama jina letu linafutwa. Mikdad amelia. Mimi bado.

Sikiliza sasa. Mwalimu amekupigia simu mara nne, umeizima. Amempata mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti kamjibu kwamba hawezi kuwarudisha mafundi kwa simu ya mtu asiyemjua. Kasema: "Aliyesimama kwenye kikao ni Kuruthumu, na Kuruthumu hajatengua kauli." Basi hakuna mwingine. Mwalimu mwenyewe analeta barua hii leo kwa pikipiki yake, pamoja na kionja na karatasi nyingine niliyoiandikia kamati. Kwenye karatasi hiyo nimeandika kwamba nilikata alama nyekundu, na nimetia sahihi. Isome mbele yao kesho kutwa kabla zege haijachanganywa. Usiruke jina langu.

Watu watakunywa maji yale, Shangazi. Bi Habiba ana presha. Watoto wa madrasa watakunywa. Mimi nikae Dar napigiwa makofi?

Adila

*

Kaole
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Adila mwanangu,

Marahaba.

Mwalimu wako alifika nikiwa napepeta mchele. Sikumkaribisha vizuri. Barua yako niliisoma mlangoni na yeye amesimama, na sikupenda anione uso. Akasema, "Mama, mimi nasubiri kujua tu kama utakwenda." Nikamwambia arudi kwa wanafunzi wake, Kuruthumu anajua njia ya kisimani.

Jana asubuhi nilifika mafundi wakiwa wameshashusha kokoto, mifuko ya saruji miwili imefunguliwa. Kamati yote ipo, Mzee Mwinyimvua kavaa kanzu mpya kwa sababu kisima ni chake na jina lake litaandikwa kwenye simtanki. Nikaomba nafasi. Nikasoma karatasi yako neno kwa neno. Jina lako sikuliruka, ingawa ulimi uligoma.

Mzee Mwinyimvua alisema nimetumwa na watu wa kisima cha juu. Mwenyekiti akataka kionja kitumbukizwe hapo hapo. Nikatumbukiza. Adila, iliwaka njano. Bamvua ilikuwa haijafika vizuri, tena ilikuwa asubuhi. Wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Njano siyo nyekundu, Bi Kuruthumu. Mafundi, endeleeni." Na yule fundi akachukua koleo.

Hapo ndipo niliposhindwa na maneno. Nikamshika mkono Mwanajuma, katibu wetu, nikamvuta mpaka kwenye kitalu changu, wengine wakafuata kwa udadisi. Nikang'oa makuti. Mistari yote ya nyanya imelala, mikavu, udongo juu una ukungu mweupe wa chumvi. Tuta la mchicha limebaki vikonyo. Hakuna aliyecheka tena. Kuna mwanamke mwenye shamba karibu na langu alianza kulia, maana na yeye alihamia pale kwa kuniamini mimi, na mazao yake yameanza kuungua wiki hii. Naye alikuwa ananificha hilo!

Mwanajuma akaniuliza, "Umejua lini?" Nikajibu tarehe 11 Julai. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Kabla ya kura." Nikasema ndiyo, kabla ya kura.

Zege haikumwagwa. Pampu imefungiwa ofisini mpaka visima vyote vipimwe. Mimi wameniondoa kwenye kamati, na walipiga kura ya kuniondoa nikiwa nimekaa pale pale. Si vibaya. Kilichoniuma ni Arafa. Leo asubuhi kapita mlangoni kwangu hakupiga hodi. Miaka ishirini na mbili tumekunywa uji pamoja.

Nimekosa, mwanangu. Nilidhani nakulinda wewe, kumbe nilikuwa nailinda ile furaha yako nisiione ikiondoka. Hivyo ni vitu viwili. Mwalimu wako ameamua nini? Simu nimeiwasha.

Shangazi yako

*

Kerege
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Mwalimu hakutufuta. Alisema tutakwenda kwa sharti moja: ukurasa wa tarehe 12 Juni ubandikwe katikati ya bango, na mstari wangu wa rula uonekane. Tukaubandika. Ule ukurasa nilioutaka uwe safi watu mia tatu wameusoma, na kila aliyesoma aliinua macho kumtafuta kiongozi wa timu. Nilisimama mbele nisijifiche nyuma ya Mikdad.

Hatukupata nafasi yoyote. Nakwambia mapema usije ukasoma mpaka mwisho ukitumaini. Wa kwanza walikuwa wasichana wa Morogoro wenye mashine ya kukausha mpunga, na walistahili.

Aliyezungumza zaidi alikuwa Ashatu. Mimi nilieleza vijiti, taa na yote yaliyotokea kisimani, kisha nikampisha. Akaweka kalenda kando ya daftari akawaonyesha majaji miandamo, kidole kimoja huku, kimoja kule, bila haraka. Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kifaa chetu kina kasoro gani. Ashatu akamjibu kwamba kifaa hakikukosea hata siku moja, kila siku kilisema kilichokuwemo kisimani siku hiyo. Tuliokosea ni sisi, tulichagua siku zinazotufaa na kuzitupa zisizotufaa. Yule mama akaandika. Nilimwomba Ashatu radhi hapo hapo, mbele ya majaji, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Akasema ameshasamehe ila bado ananuna. Nimemwambia anune atakavyo.

Jumamosi ijayo ni mwandamo. Mwalimu ametuombea ruhusa tuje Kaole siku mbili za bamvua, sote watatu, tupime visima vyote asubuhi na alasiri. Katibu Mwanajuma ametukubalia kwa simu. Tutalala kwako, na wewe utatembea na sisi kisima kwa kisima, mchana kweupe. Watakutazama vibaya. Watutazame wote wanne.

Kuna jambo sijakuambia. Tulipomaliza, yule jaji mwenye miwani alifunga daftari lake akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, si ya mashindano: "Shangazi yako alionja maji mwezi mzima kabla. Kwa nini alinyamaza?" Nikamgeukia Mikdad. Mikdad akatazama viatu. Ashatu ndiye aliyejibu. Akasema, "Kwa sababu anampenda."

Yule mama hakuandika kitu. Alitikisa kichwa tu akaenda meza nyingine, na mimi ndipo nilipolia, pale mbele ya watu wote, tangu tarehe tano nilikuwa sijalia.

Nami nakupenda, Shangazi. Sina mama mwingine zaidi yako. Lakini usinipende hivyo tena.

Mwanao,
Adila